Siku Nilipotaka Kumuamusha Mzee

Tofali lilikuja baadaye. Watu wakinihurumia huanzia kwenye tofali, maana alama yake wanaiona usoni kwangu. Mi naanzia kabla yake: uani kwangu, mtaa wa Mutakura, mchana kweupe, watu wamejaa mpaka chini ya kamba za nguo, mlango wa studio umeng'olewa, na Ildephonse, nyumbakumi anayesimamia nyumba zetu, amemshika Révérien begani anamuuliza mbele ya wote.

"We umefanya kazi na huyu mama miaka mingi. Tuambie. Akisema 'kuamusha Mzee', iko na maana gani?"

Révérien alinitazama. Tumeshika taa pamoja, mimi na yeye, tangu hatuna mvi. Neno lile analijua kama anavyojua jina la mama yake. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu, nikijua mambo yamekwisha, watu wataona haya na kurudi makwao.

"Révé, waambie tu," nikasema.

Akatazama viatu vyake. "Mi sijui mambo yake."

Ndipo Gérard, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaokota nusu tofali. Lilinipata jicho la kulia, ndilo jicho langu la kuchungulia kwenye aparei ya foto. Wengine wanastaafu kwa umri, wanapewa soda na hotuba. Mi nimestaafu kwa tofali.

Ninyi vijana wa foto mmeniomba niwaandikie kazi yangu ya mafuvu ya wanyama, ili anayeanza ajue pa kuanzia. Mmesema niandike ufundi, mambo ya ugomvi niyaache. Ufundi nitawapa. Lakini ugomvi wenyewe umetoka ndani ya ufundi, sijui nitautoa vipi bila kupasua kitu. Shule niliishia la sita. Mkiona nimepotoka, mjue nimepotoka kwenye herufi tu.

Nilianza kwa kufagia. Patron Saidi, bosi wangu, alikuwa na studio ya foto mtaa wa Cibitoke, katikati ya fundi baiskeli na mashine ya kusaga unga. Kila asubuhi vumbi la unga lilikuwa juu ya kila kitu, na kazi yangu ilikuwa kulifuta kabla mteja hajaingia. Patron alikuwa mtu wa Buyenzi, Mwislamu wa ukoo wa zamani katika mji huu, kofia haimtoki kichwani, vidole vimekuwa vya kahawia kwa dawa za kusafishia filamu. Ukutani alikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria pamoja na ngazi yake. Cibitoke nzima imepanda ile ndege. Hakuna aliyefika popote.

Siku moja mguu wa taa ulivunjika, bibi harusi tayari amekaa kwenye kiti, anatoka jasho. Patron akaniita.

"We Konso, wacha fagio. Shika hii lampe. Usitikisike."

Nilishika mpaka mkono ukafa ganzi. Bibi harusi alipokwenda, Patron akanitazama, akasema, "Huyu mutoto iko na mukono wa ukuta." Toka siku hiyo fagio likapata mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikuwa Révérien. Nadhani hakunisamehe kwamba nilimtangulia kwa lile fagio. Lakini alikuwa na akili, na alituchekesha sana, sitakataa.

Mafuvu yalikuja simu zilipoanza kupiga foto, watu wakaacha kupanda ndege yetu. Kikundi cha michezo ya jukwaani kilikuja kutaka picha ya bango, kitu cha kutisha ila kisiwe na damu. Patron akafikiri, akamtuma Révérien kwa jirani mchoma brosheti, yaani mishkaki. Akarudi na kichwa cha mbuzi ndani ya mfuko.

"Patron, anauliza kama tunataka na pilipili."

Tulikichemsha kwa moto mkali kama watu wanaopika maharage. Mafuta yakaingia ndani ya mfupa, fuvu likawa la njano kama meno ya mvuta sigara. La pili Révérien akaliloweka kwenye javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo. Lilitoka jeupe, tukashangilia, halafu likaanza kumomonyoka kama chaki tukiliangalia. Basi ninyi msirudie. Loweka kwenye maji matupu, ubadilishe maji, uvumilie harufu na maneno ya majirani. Nyama ikishaachia, maji ya vuguvugu na sabuni ya unga yatoe mafuta, bila haraka. Mwisho ile dawa ya kuoshea vidonda ya farmasi, inayotoa povu. Kausha kivulini. Jua letu hapa mjini Buja linapasua hata mifupa.

Patron aliipenda hii kazi kuliko harusi. Alikuwa anasema, "Kichwa hakikonyezi. Hakichelewi. Na hakitaniambia nikitoe cheupe kuliko kilivyo."

Sasa mwanga. Anayeanza anamulika fuvu usoni, anapata picha ya sahani. Tumia taa moja, uiweke ubavuni, chini kidogo, mpaka mwanga upite juu ya mfupa kama mkono unaopapasa. Hapo utaona ile mishono ya mfupa, imejipinda kama mito midogo, na kila kovu la kisu cha mchinjaji. Ukitaka kutisha, shusha taa mpaka itoke chini, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuona jua likitokea chini ya miguu yake, kwa hiyo moyo unakataa kabla akili haijajua ni kwa nini. Nyuma weka kitambaa cha veluri nyeusi, mbali na fuvu, ukitoe vumbi kwa karatasi ya gundi. Mbele ya taa sisi tulitundika karatasi ya kufungia maandazi, yenye mafuta kidogo, mwanga unatoka umelainika. Mteja mmoja aliuliza kama tumeitoa Ulaya. Révérien akamjibu ndiyo, ila ile ya Ulaya huwa na maandazi mengi zaidi.

Moshi ulikuwa wa ubani. Patron alikuja nao kutoka nyumbani kwake. Unafukiza mara moja, unatulia, unausubiri mpaka usimame wenyewe ndani ya mwanga. Ukiupepea umeuharibu.

Na sasa lile neno.

Fuvu lenye taa ya nje, hata uliweke vipi, limelala. Nyuma yake kuna tundu, pale shingo ilipokuwa inaingia. Siku Patron alipopitisha tochi ndogo kwenye lile tundu, ameizungushia karatasi, mfupa mwembamba wa pua ulijaa wekundu, kama unavyoona ukifunika tochi kwa kiganja, na ndani ya macho kukawa na kitu kama mtu anayekuja kutoka mbali. Patron akarudi nyuma hatua.

"Subhanallah. Ameamuka!"

Tangu hapo likawa neno letu la kazi. Hatukuwahi kusema weka taa ya ndani. Tulisema amusha. "Huyu ameamuka sana, mupunguze." "Yule bado amelala." Révérien ndiye aliyeongeza kipande cha kioo kilichovunjika, kimebandikwa kwenye kijiti, cha kurusha tone la mwanga ndani ya jicho moja. Alisema, "Usiamushe macho yote mawili. Macho mawili ni taa za gari. Jicho moja ni mutu anakuwaza." Ni maneno yake, nayaandika kwa jina lake, na ni maneno mazuri. Neno la mtu mi siliibi wala silikani.

Patron alikuwa na katazo moja. Mwanamuziki alikuja na fuvu la mtu, la plastiki, alilinunua mtandaoni kwa ajili ya jalada la nyimbo zake.

"Apana," Patron akasema.

"Patron, ni plastiki hii! Gusa uone."

"Mi naona. Mama anayepita hapo dirishani ataigusa? Hapa kuna watu wanatafuta mifupa ya watu wao tangu vita mpaka leo. Rudi na kichwa cha ng'ombe, nitakufanyia kitu utaogopa mwenyewe."

Mi nilikuwa nimesimama na taa mkononi. Baba yangu na kaka zangu hawana kaburi. Patron alijua, ndiyo maana hakunigeukia. Sijawahi kupiga foto ya fuvu la mtu, wala la plastiki, wala la udongo. Nataka mlishike hili kichwani kabla sijafika kwa Gérard.

Mzee alikuwa fuvu la fahali. Patron alipewa na mtu wa machinjioni, pembe moja imevunjika katikati, nyingine nzima, ndefu, imepinda kama mkono unaoita. Paji la uso pana, lina ufa mmoja tu. Tulimpa jina la Mzee kwa sababu kila ulipomulika ulihisi umechelewa na yeye amekusubiri. Patron alipokaribia kufa alitugawia: taa kubwa kwa Révérien, Mzee kwangu. Révérien alicheka siku ile, akasema, "Haya, Madame Mifupa, chukua mume wako." Lakini alicheka kwa meno tu. Taa utapata nyingine. Mzee mwingine hakuna, na yeye alijua.

Nikahamia Mutakura, nikafanya chumba cha nyuma kuwa studio. Nilipiga foto za mabango, za majalada ya vitabu, za ukutani. Kisha watu wa nyumba moja ya maonyesho Mutanga Nord wakaona Mzee wangu, wakataka foto yake kubwa iwe ya kwanza mtu anapoingia mlangoni. Révérien alikuwa amewapelekea foto za mbuzi zake. Wakamwambia subiri.

Siku hizo hizo jirani yangu alifariki, mzee Barnabé, baba yake Gérard. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, baada ya uji. Njia yetu nzima ilimwita Mzee tu, hakuna aliyetaja Barnabé. Nilikaa matangani kwao, nilibeba maji, nilimenya ndizi. Matanga yalikuwa bado hayajaondolewa nilipopigiwa simu kutoka Mutanga Nord. Ndani mtandao unakatika, nikatoka uani, nikasema kwa sauti, maana yule bwana alikuwa hasikii vizuri:

"Mzee bado amelala! Ndiyo, amekauka kabisa, hana harufu tena. Kesho nitamuamusha. Jicho moja tu! Mulete ubani, na kitambaa kikubwa cheupe cha kumuzungushia."

Kitambaa cheupe ni cha kurudisha mwanga upande wa giza. Mnakijua. Lakini upande wa pili wa ukuta alikuwa Mama Aline, mke wa Gérard, anaanika nguo za baba mkwe wake ambaye hata mwezi hana kaburini.

Kwa kusikia simlaumu. Ningekuwa mimi nimeshika zile nguo, ningezitupa nikakimbia. Namlaumu kwa mlango wangu alioupita. Tumeazimana chumvi, mtoto wake Aline nilimpiga foto ya ubatizo nikambembeleza mpaka akacheka. Angegonga, angesema, "Konso, nimesikia nini?" Ningemfungulia chumba, angeona fahali. Yeye alikwenda kwenye chumba cha maombi, akarudi na mtaa mzima. Mama Aline, hilo ni lako.

Walipovunja mlango walimkuta Mzee juu ya veluri, taa ndogo iko ndani, inawaka, nilikuwa najaribu. Jicho moja limeamuka. Mwanamke mmoja akapiga kelele, akamwita Mungu wake, "Mana yanje!" Wakarudi nyuma wote, wakakanyagana. Nitasema na mtanichukia: hata pale, moyoni nilijiambia kwamba mwanga umekaa vizuri.

Niliwaeleza. Msije mkafikiri nilinyamaza. Niliwaambia ni ng'ombe, angalieni pembe, ni taa, ni neno la kazi. Gérard akajibu, "Mulozi atasema yeye ni mulozi?" Watu wakaitikia. Baba yake alikuwa akiitwa Mzee, mi nilitaka kumuamusha Mzee, kwa ubani, kwa kitambaa cheupe, imekwisha. Ndipo Ildephonse akamwona Révérien nyuma ya watu. Alikuwa amekuja kuazima veluri yangu. Ildephonse akafanya jambo la maana la pekee lililofanyika siku ile, akauliza mtu anayejua. Na mtu anayejua akasema hajui.

Gérard, hilo tofali ni lako. Umewaambia watu lilikuteleza. Tofali halitelezi kwenda juu.

Ildephonse, na wewe usijifiche nyuma ya swali lako. Uliuliza mtu mmoja ukafunga masikio. Ulimchukua Mzee ukamfungia kwenye stoo yako pamoja na viti vya mikutano, ukaniambia, "Lete mutu wa kazi yenu aliyekuwa na Patron wenu, aeleze hiyo neno mbele ya watu. Akieleza, nitawaambia wakuache, na kichwa chako utachukua. Mupaka siku hiyo, mi siwezi kuwafunga watu midomo." Nasikia pembe yake nzima sasa inatundikiwa kofia.

Siku hizi ninapopita, mama zao wanavuta watoto. Mwenye duka anaweka mkate wangu juu ya meza, anarudisha mkono kabla sijafika. Dada yangu alinisihi nihamie kwake. Sikuhama. Kila asubuhi nafagia mbele ya mlango wangu polepole, mpaka kwenye mlango wa Gérard, ili wanione vizuri. Na wanaosema nilikosea neno, kwamba ningesema tu "nitawasha taa", hao nao wasikie: siombi radhi kwa neno la Patron Saidi. Nitalisema tena, na kwa sauti ile ile, uani pale pale.

Kidonda kilipofunga nilikwenda Cibitoke. Révérien sasa ana studio yake, wanafunzi, mlango wa vioo. Aliniwekea kiti.

"Révé, nina shida ya neno moja tu. Twende kwa Ildephonse, useme, turudi."

"Konso, dada yangu, ile siku walikuwa na mawe. Ningesema ndiyo najua, wangesema ni walozi wawili."

Hilo nililielewa. Naapa nililielewa. Mtu anaogopa.

"Sawa. Leo hawana mawe."

"Leo nina wanafunzi. Wazazi wao wananiamini. Nikienda Mutakura kusimama na we, itakuwaje?"

"Na mi nasimama na nani?"

Akacheka kidogo. "Madame Mifupa, watu wanasahau."

"Mwenye duka hajasahau. Mkate wangu bado anautupa kama mfupa."

 Kutoka chumba cha nyuma msichana mmoja akaita, "Mwalimu! Huyu mbuzi tumuamushe sasa?"

Révérien, bila kufikiri, kama mtu anayekohoa, akajibu, "Ngoja! Jicho moja tu!"

Halafu akajisikia. Nikasimama. Alikuwa amekwisha kusema yeye. Akatazama viatu vyake, vile vile kama siku ile.

Kwa hiyo ninyi mlioniomba ufundi, huu ndio. Wengi wenu mmefundishwa na yeye, na neno mnalitumia kila siku, mnalitupia kila mbuzi na kila mbwa, hamjui kwamba Mutakura kuna nyumba imefungiwa ndani ya hilo neno. Ninyi Ildephonse hatawakubali, anataka aliyekuwepo. Patron yuko makaburini. Amebaki mmoja.

Sitaki pole yake. Jicho halirudi, na hili lililobaki linaona vya kutosha. Nataka asimame uani kwangu chini ya zile kamba za nguo, Gérard akiwa hapo, Mama Aline akiwa hapo, Ildephonse ameshika kofia yake mkononi kwa sababu ile pembe ni yangu, na aseme alichokisema kwa mbuzi.

Kikao chenu cha Jumamosi, mwalimu wenu akiwepo, nitakuja. Nitakaa mstari wa mbele, upande ambao jicho langu zima litamfikia, na mumwache ajibu yeye, msimsaidie. Révérien, nakuuliza lile lile alilokuuliza Ildephonse, na safari hii hakuna aliyeshika tofali. Kuamusha ni nini?